Black Sabbath: Albamu bora ilikuja baada ya Ozzy kuondoka

Tangu Ozzy Osbourne alipofariki tarehe 22 Julai 2025, wapenzi wa muziki wa rock wamerudi kusikiliza Black Sabbath ya zamani, ile ya vijana wanne wa Birmingham, inchini Uingereza, waliotoa albamu yao ya kwanza mwaka wa 1970. Wengi wanasema bila sauti yake hakuna Black Sabbath. Hapa kwetu ubishi wa namna hiyo unajulikana vizuri: muulize mtu yeyote ni Wenge gani iliyo ya kweli tangu Wenge Musica igawanyike mwaka wa 1997, kisha tafuta kiti, maana mazungumzo yatakuwa marefu.

Mimi nachagua Heaven and Hell, ya mwaka wa 1980.

Mwaka mmoja mbele yake kundi lilikuwa limemfukuza Ozzy juu ya pombe na dawa za kulevya, ingawa wenzake nao hawakuwa watakatifu. Mahali pake akaja Mmarekani mfupi wa kimo, Ronnie James Dio, aliyetoka katika kundi la Rainbow.

Ozzy mara nyingi alifuata gitaa ya Tony Iommi. Sikiliza Iron Man: sauti na gitaa vinapita njia moja. Dio hakuimba hivyo. Alichukua njia yake juu ya gitaa, na Iommi akalazimika kutunga kwa namna nyingine. Katika wimbo unaobeba jina la albamu, Dio anapoimba gitaa inajiondoa, na besi ya Geezer Butler inabeba mzigo karibu peke yake. Gitaa inaporudi, unaisikia kifuani. Baadaye mwendo unaongezeka, Iommi anapiga kama mtu aliyefunguliwa kamba, kisha wimbo unaisha kwa gitaa laini isiyo na umeme. Huyo ndiye mtu aliyekatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani akiwa kijana.

Wapinzani wangu wana hoja moja nzito: maneno. Zamani Butler ndiye aliyeandika mengi, na War Pigs, ya mwaka wa 1970, inawashitaki wakubwa wanaoanzisha vita na kuwaachia maskini kazi ya kufa. Dio aliandika juu ya ndoto, wafalme na mafumbo. Kwa msikilizaji wa Goma au Bunia, wimbo gani unamgusa zaidi? Hapo sina jibu.

Tarehe 5 Julai 2025, siku 17 mbele ya kifo cha Ozzy, wale wanne wa kwanza walipiga pamoja kwa mara ya mwisho Birmingham: nyimbo nne, zote za mwaka wa 1970. Dio alikuwa amefariki tangu mwaka wa 2010. Miaka yake ya mwisho aliimba tena na Iommi na Butler, na jina walilojipa lilikuwa Heaven & Hell.