Kuifundisha kompyuta kuona: Maandalizi ndiyo nusu ya kazi

KAMERA ndogo iliyo juu ya kioo cha kompyuta imezoeleka kuwa chombo cha kuonana na ndugu walio mbali au kuhudhuria mikutano bila kusafiri. Hata hivyo, kamera hiyo hiyo inaweza kugeuzwa kuwa jicho la kompyuta, ikahesabu magari yapitayo barabarani, ikasoma namba zake, au ikatenganisha nyanya mbivu na mbichi.

Elimu ya kuiwezesha kompyuta kuelewa picha huitwa uoni wa kompyuta. Kwa miaka mingi ilikuwa kazi ya maabara za vyuo vikuu na kampuni kubwa, lakini leo kijana mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuianza bila kununua programu hata moja. Kinachomkwamisha anayeanza mara nyingi si ugumu wa hesabu, bali ni maandalizi. Huweka programu moja juu ya nyingine hadi zikagongana, kisha hukata tamaa kabla ya kuiona picha ya kwanza.

Kamera za namna hii zina historia ya kuchekesha. Mwaka 1991 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, waliielekeza kamera kwenye birika la kahawa ili wasitembee bure na kulikuta tupu. Kamera hiyo ilizimwa mwaka 2001. Wakati huo, kampuni ya Intel ya Marekani ilikuwa tayari imeanzisha, mwaka 1999, mradi wa OpenCV. Hii ni maktaba ya programu, yaani mkusanyiko wa vipande vilivyokwisha kuandikwa ili mwingine asianze upya. Toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2006, na hadi sasa inatolewa bure kwa leseni huria.

Hatua ya kwanza ni kuikagua kamera yenyewe. Kabla ya kuandika chochote, mtumiaji afungue programu ya kamera iliyokuja na kompyuta yake. Ikiwa picha haionekani hapo, hakuna msimbo utakaoirejesha. Sababu mara nyingi huwa mbili: programu nyingine, kama ile ya mikutano, imeishikilia kamera, au mfumo wa kompyuta haujatoa ruhusa. Windows na macOS zina sehemu maalumu ya kuruhusu au kuzuia matumizi ya kamera, na ruhusa hiyo hutolewa humo.

Hatua ya pili ni kuweka lugha ya programu. Python, iliyobuniwa na Mholanzi Guido van Rossum na kutolewa mara ya kwanza mwaka 1991, ndiyo inayopendekezwa kwa wanaoanza kwa sababu maandishi yake husomeka kwa urahisi. Hupatikana bure katika tovuti ya python.org. Si lazima kulikimbilia toleo lililotoka wiki iliyopita, kwani baadhi ya maktaba za picha huchelewa kulingana na toleo jipya kabisa. Toleo lililotangulia mara nyingi huwa salama zaidi.

Hatua ya tatu ndiyo inayorukwa na wengi, nayo ndiyo yenye faida kubwa. Kila mradi unapaswa kupewa chumba chake. Mradi wa kuhesabu magari unaweza kuhitaji toleo moja la maktaba, na ule wa kutambua nyuso ukahitaji jingine. Yakiwekwa yote mahali pamoja, moja huliharibu jingine. Python ina chombo kiitwacho venv kinachotenga folda ya pekee kwa kila mradi. Katika dirisha la amri, mtumiaji huandika “python -m venv mradi”. Kisha chumba hicho hufunguliwa kwa “mradi\Scripts\activate” katika Windows, au “source mradi/bin/activate” katika Linux na macOS. Mambo yakiharibika, folda hiyo hufutwa na kuanzishwa upya, wala kompyuta nzima haiathiriki.

Hatua ya nne ni kuileta OpenCV ndani ya chumba hicho kwa amri “pip install opencv-python”. Hapa kuna mtego. Maktaba hiyo hutolewa katika vifurushi kadhaa, na wanaovitunza wanashauri kichaguliwe kimoja tu katika kila chumba. Kifurushi chenye neno “headless” mwishoni kimekusudiwa kompyuta za seva na hakina uwezo wa kufungua dirisha la picha. Mwanafunzi akikiweka bila kujua, kamera itafanya kazi lakini hataona kitu.

Kwa kuwa vifurushi hivi ni vya makumi ya megabaiti, gharama ya intaneti si jambo la kudharauliwa. Amri ya “pip download” huviteremsha bila kuvisakinisha, hivyo kundi la wanafunzi linaweza kuteremsha mara moja na kugawana kwa flashi, ili mradi kompyuta zao ziwe na mfumo wa aina moja na toleo moja la Python.

Hatua ya tano ni jaribio. Programu ya kwanza haizidi mistari kumi: kuifungua kamera kwa VideoCapture, kusoma picha kwa read, kuionyesha kwa imshow, kusubiri kidogo kwa waitKey, na mwisho kuiachia kamera kwa release. Kamera ya kwanza huwa na namba 0, na iliyoongezwa kwa USB mara nyingi huwa namba 1. Anayesahau waitKey hupata dirisha lisilo na picha, na asiyeiachia kamera anaweza kuikuta imefungwa katika jaribio linalofuata.

Ni vyema pia kufahamu kinachopita humo. Picha yenye upana wa nukta 640 na kimo cha nukta 480 ina nukta 307,200, na kila nukta hubeba namba tatu za rangi. Kwa picha 30 kila sekunde, kompyuta hupokea namba zaidi ya milioni 27. Ndiyo maana mafundi huanza na picha ndogo. Aidha, OpenCV hupanga rangi kwa kuanza na bluu, kisha kijani na nyekundu, kinyume cha maktaba nyingi. Mtu akionekana na uso wa bluu, kamera haijaharibika. Ni mpangilio wa rangi uliogeuka.

Hata hivyo, kuonekana kwa picha si mwisho wa safari. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walichapisha utafiti kuhusu mifumo mitatu ya kibiashara iliyokuwa ikitambua jinsia kwa kuangalia uso. Kwa wanaume weupe, makosa hayakuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi, yalifika asilimia 34.7. Mashine hujifunza kutokana na picha inazopewa, na nyuso zilizokosekana darasani ndizo zinazokosewa mtaani.

Kwa sababu hiyo, mradi unaokusudiwa kutumika Dar es Salaam au Mombasa haupaswi kuaminiwa kwa kuwa tu ulifaulu kwa picha za mfano zilizotoka ng’ambo. Unapaswa kujaribiwa kwa nyuso za mahali hapo, katika jua kali la mchana na katika mwanga hafifu wa taa.

Picha hizo nazo zina wenyewe. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Anayekusanya nyuso za majirani au wanafunzi wenzake kwa ajili ya majaribio anapaswa kwanza kuwaeleza anachokusudia na kupata ridhaa yao, kisha azihifadhi picha hizo mahali pasipofikiwa na kila mtu.