Sera ya Afya: Kutoka Meza ya Washauri hata Mlango wa Zahanati

Asubuhi na mapema, kabla umande haujakauka juu ya nyua za kayaba za Spring Valley, watu wa namna mbili hupishana katika barabara ya Lower Kabete. Wa kwanza ni wale watokao ndani ya malango kwa motokaa, na miongoni mwao wamo maofisa wa balozi na wa mashirika ya Umoja wa Mataifa, ambayo makao yake yako Gigiri, mwendo mfupi upande wa kaskazini-mashariki. Wa pili ni wale waingiao kwa miguu kutoka Kangemi na kwingineko: watunza bustani, mayaya, wapishi na askari wa lango.

Hawa wa pili aghalabu hudhani kwamba hao wa kwanza ndio wanaoamua kama mtoto aliyeshikwa na homa Kangemi atatibiwa bure au kwa fedha. Dhana hiyo si kweli, wala si uongo mtupu. Neno linaloandikwa na mshauri katika chumba chenye zulia laweza kufika siku moja katika dirisha la zahanati likiwa limegeuka kuwa shilingi kadha wa kadha. Lakini baina ya chumba kile na dirisha lile kuna safari ndefu, na watu wengi hushika usukani njiani.

SHIRIKA HALITAWALI

Shirika la Afya Duniani lilianza kazi tarehe 7 Aprili 1948. Makao yake makuu yako Geneva, na ofisi ya Kanda ya Afrika iko Brazzaville, ambako mkurugenzi aliyeshika madaraka mwaka 1025 + 1000, yaani 2025, ni Mtanzania, Profesa Mohamed Janabi. Kenya ilijiunga na Shirika hilo mwaka 1964, muda mfupi baada ya Uhuru. Shirika halina askari wala mahakama, halitozi kodi, wala haliwezi kuiamuru Serikali yoyote kujenga zahanati hata moja. Lina washauri tu.

Kwa hiyo ofisa wa Shirika anapopewa kazi ya kusimamia utungaji wa sera ya afya ya nchi, hukalia kiti cha ajabu. Hesabu anazo, elimu anayo, lakini kalamu ya kutia sahihi si yake. Sera ni njia ambayo Serikali yenyewe imeichagua, na imekubali kuitolea fedha. Kazi ya ofisa ni kuhakikisha kwamba wale wanaochagua wanachagua kwa macho yaliyofumbuliwa: wajue ni watu wangapi wanaougua, wanaugua nini, ni nani anayelipa, na ni nani anayeshindwa kulipa.

Basi huwakutanisha watu ambao kwa desturi hawapendi kukaa meza moja. Wizara ya Afya, ambayo ofisi zake ziko Afya House katika barabara ya Cathedral, hutaka dawa na wauguzi zaidi. Hazina hutaka kujua fedha zitatoka wapi. Hospitali za misheni zina hofu ya kusahauliwa, na wenye kampuni za bima wana hofu ya kukumbukwa mno. Rasimu huandikwa, hupelekwa, hurudi na alama za wino mwekundu, huandikwa tena. Karani yeyote aliyewahi kuchapa rasimu za namna hiyo anajua kwamba vita vikubwa hupiganwa juu ya maneno madogo. Likiandikwa neno “yafaa”, wote hulala usingizi. Likigeuzwa kuwa “ni lazima”, Hazina huamka.

SHILINGI TANO

Ili kuona jinsi jambo hili linavyomgusa mtu wa kawaida, hapana mfano bora katika Kenya kuliko ule wa ada ya matibabu. Katika siku za ukoloni mgonjwa wa nje alitozwa shilingi tano. Mwaka 1965 Serikali mpya ya Jamhuri, ambayo ilikuwa imetangaza vita juu ya umaskini, ujinga na maradhi, iliifuta ada hiyo, na watoto wote wakaruhusiwa kulazwa bure katika hospitali za Serikali. Mwaka 1970 Serikali kuu ikatwaa kutoka kwa mabaraza ya wilaya kazi ya afya katika sehemu za mashamba. Mwaka 1978 mataifa yalikutana Alma-Ata, mji ulio katika nchi ya Kazakhstan, yakakubaliana kwamba afya ya kila mtu ianzie karibu na nyumba yake, na kwamba wananchi wenyewe washiriki katika kuipanga. Mkutano ule uliitishwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na shirika la watoto, UNICEF.

Kisha mambo yakageuka. Fedha za Serikali zilipungua katika miaka ya 1980, na madeni yakaongezeka. Mwaka 1987 Benki ya Dunia ilitoa waraka uliozishauri nchi maskini kutoza ada katika matibabu. Mwaka huo huo, mjini Bamako katika nchi ya Mali, mawaziri wa afya wa Afrika, wakiwa katika mkutano wa kanda wa Shirika la Afya Duniani, waliafiki mpango wa wanavijiji kuchangia gharama za dawa ili fedha zile zinunue dawa nyingine. Yafaa kusema kwa haki kwamba mpango wa Bamako ulikusudia fedha zibaki kijijini na zisimamiwe na wanakijiji. Lakini ushauri ni kama maji ya mto: hauchagui shamba utakakoingia.

Mwezi wa Desemba 1989 Kenya ilirudisha malipo katika hospitali na vituo vya afya vya Serikali. Mpango ukaitwa wa kugawana gharama, jina zuri, ingawa aliyekuwa hana kitu hakuona cha kugawana.

KLINIKI YA NAIROBI

Yaliyofuata yangeweza kupotea bila ya mtu kuyaandika. Kitabu cha kliniki huandika jina la mgonjwa aliyekuja. Yule aliyegeukia langoni na kurudi nyumbani hana mstari wake. Lakini katika Nairobi palikuwa na kliniki kubwa ya maradhi ya zinaa ambayo madaktari wake walikuwa wakihesabu wagonjwa kila mwezi, tangu kabla ya ada kuwekwa. Wakalinganisha hesabu zao, na mwaka 1992 zikachapishwa katika jarida la madaktari liitwalo Lancet.

Hesabu hizo zilionyesha kwamba katika miezi tisa ya kutozwa ada, wanaume waliofika walikuwa kama 4 tu kwa kila 10 waliokuwa wakija zamani. Wanawake walikuwa kati ya 6 na 7 kwa kila 10. Ada ilipoondolewa, wanawake walirudi, tena wakazidi idadi ya kwanza. Wanaume hawakurudi wote. Msomaji akumbuke miaka ile ilikuwa miaka gani. Ugonjwa wa UKIMWI ulikuwa ukienea, na mtu mwenye maradhi ya zinaa yasiyotibiwa ni rahisi zaidi kuambukizwa na kuambukiza. Waliokaa nyumbani kwa kukosa ada hawakukaa peke yao na ugonjwa wao.

Serikali iliisimamisha ada ya kujiandikisha mwaka 1990. Mwaka 1992 malipo yakarudishwa tena kidogo kidogo, safari hii kwa jina la ada ya matibabu. Mwaka 1994 ukatolewa mwongozo mkubwa wa sera ya afya, ambao ulitaka pamoja na mengine kwamba mamlaka yashuke wilayani na kwamba njia za kupata fedha ziongezwe.

JARIBIO LA MWAKA 2004

Palipoingia Serikali mpya mwaka 2003, Waziri wa Afya, Bi Charity Ngilu, alitaka kuukata mzizi wa tatizo. Shauri lake lilikuwa bima moja ya afya kwa watu wote, wenye mshahara na wasio nao. Hapo ndipo ofisa wa sera alipoonekana katika kazi yake halisi. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani, pamoja na wenzao wa shirika la Ujerumani la GTZ, waliitwa kusaidia kupiga hesabu: kila mtu akitibiwa, gharama ni kiasi gani, wanaolipa wakichangia kiasi hiki, pengo litakuwa kubwa kiasi gani, na pengo hilo litazibwa na nani.

Bunge liliupitisha mswada huo mwezi wa Desemba 2004. Rais Mwai Kibaki hakuutia sahihi. Hazina iliogopa gharama, waajiri walinung'unika, na kampuni za bima hazikufurahi. Kazi ya miezi mingi ikawekwa kabatini. Watu wengi wakasema kwamba washauri walishindwa. Hukumu hiyo ni kali kupita kiasi, kwa maana mshauri aliyeonyesha ukubwa wa pengo ametimiza kazi yake, hata kama pengo hilo ndilo lililowatisha wakubwa.

Na lipo jambo dogo la mwaka ule ule ambalo halikupigiwa makelele. Mwezi wa Julai 2004 Wizara iliamuru kwamba mgonjwa atozwe shilingi 10 tu katika zahanati na shilingi 20 katika kituo cha afya, na watoto walio chini ya miaka mitano wasitozwe kitu. Amri hiyo haikuhitaji Bunge. Hata hivyo, mahali pengi haikufuatwa sawasawa, kwa sababu zahanati iliyopokonywa ada bila kupewa fedha nyingine haina budi kununua sabuni na mafuta ya taa kwa njia fulani. Wanaotunga sera husahau sabuni mara nyingi.

Wakati huo ushauri wa Geneva nao ulikuwa umebadilika. Mwaka 2005 mkutano mkuu wa Shirika uliyahimiza mataifa yatafute njia ya kuchanga kabla ya kuugua. Ripoti yake ya mwaka 2010 ilisema wazi kwamba kumtoza mgonjwa fedha pale anapotibiwa ni kizuizi kikubwa cha afya kwa wote. Miaka 23 ilikuwa imepita tangu Bamako.

KATIBA NA KAUNTI

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliweka katika kifungu cha 43 kwamba kila mtu ana haki ya afya ya kiwango cha juu kinachoweza kufikiwa, na kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Papo hapo iliigawa kazi. Sera ya afya na hospitali kuu za rufaa zilibaki kwa Serikali kuu. Zahanati, vituo vya afya na magari ya wagonjwa yakapewa kaunti 47. Ndiyo sababu sera huandikwa Afya House, lakini kituo cha afya cha Kangemi kiko chini ya Kaunti ya Nairobi. Ofisa wa sera, ambaye zamani alihitaji kumshawishi waziri mmoja, sasa ana magavana 47 wa kuwasikiliza, na kila mmoja ana bajeti yake na wapiga kura wake.

Tarehe 1 Juni 2013 ada zilifutwa katika zahanati na vituo vya afya vya Serikali, na akina mama wakaruhusiwa kujifungua bure katika hospitali za umma. Sera kubwa ya afya ya mwaka 2014 hadi 2030 ikafuata. Kisha, mwezi wa Oktoba 2023, Rais William Ruto alitia sahihi sheria nne za afya, mojawapo ikiwa ya bima ya afya ya jamii. Mfuko wa zamani wa NHIF, ulioanzishwa mwaka 1966 kwa ajili ya wenye mishahara, ukafungwa, na tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka mpya iitwayo SHA ikaanza kazi.

Lakini kabla ya kuanza, jambo lilitokea mahakamani ambalo kila mtunga sera angepaswa kulibandika juu ya meza yake. Mwezi wa Julai 2024 majaji wa Mahakama Kuu, Nairobi, waliamua kwamba sheria tatu kati ya hizo zilikwenda kinyume cha Katiba, sababu mojawapo ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwezi wa Septemba Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo, na kazi ikaendelea. Hata hivyo waliosikia walisikia: hesabu zaweza kuwa safi na maneno ya sheria yakawa mazuri, na bado kazi yote ikaning'inia kwa uzi mmoja kwa sababu watu wa Kangemi hawakuulizwa.

Na kulikuwa na la kuwauliza. Kwa sheria ile mpya, matibabu ya zahanati na kituo cha afya yalipaswa kulipwa na mfuko wa Serikali. Matibabu ya hospitali yalikuwa juu ya michango. Mtunza bustani wa Spring Valley aliyeandikwa kazi kwa mwezi hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake, na tajiri wake huipeleka. Mwenzake wa kibarua, anayeitwa leo kukata nyasi na kesho haitwi, mpango ulipoanza alitakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mara moja. Kima cha chini kilikuwa shilingi 300 kwa mwezi, yaani shilingi 3,600, fedha ambazo mtu wa namna hiyo hazishiki mkononi siku moja. Akishindwa, jina lake halitakuwa katika daftari la waliolipa wala katika kitabu cha hospitali, na ofisa anayetaka kumhesabu itambidi avuke bonde, amfuate Kangemi jioni, wakati watu wamerudi kutoka kazini.