Uliogelea dimbwini ukiwa mdogo? Kibofu chako kinakumbuka

Tuanze na habari njema: baharini hakuna kichocho. Piga mbizi Watamu, cheza na mawimbi ya Malindi, maji ya chumvi hayakupi ugonjwa huu. Shida iko ushago, kwenye madimbwi ya Ganze, mabwawa ya Kaloleni na kingo za mto Sabaki pale maji yalipotulia. Wengi wetu tumeogelea huko likizo. Kuna waliokojoa damu wakaambiwa ni joto tu, itapita.

Damu inaweza kukoma kweli. Minyoo ndiyo haiondoki.

Konokono wadogo wa maji baridi hutoa viluwiluwi vinavyopenya ngozi, hasa jua likiwa kali. Mwilini huwa minyoo, ikaishi kwenye mishipa inayozunguka kibofu kwa miaka kadhaa ikitaga mayai. Kila yai lina mwiba. Mengine hutoka na mkojo, mengine hunasa kwenye ukuta wa kibofu, na hapo ndipo kazi mbaya huanza: kidonda, kovu, kidonda tena, hadi seli zinabadilika.

Saratani inayoweza kutokea huitwa skwamasi. Kule Ulaya na Marekani ni nadra, kwani huko saratani nyingi za kibofu ni za aina nyingine, na sigara ndiyo mshukiwa mkuu. Misri iliwahi kusumbuliwa sana na skwamasi, lakini kichocho kilipodhibitiwa, nayo ikapungua. Tangu 1994 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wamemweka mnyoo huu kundi moja na tumbaku.

Usipanik. Wengi waliougua kichocho hawapati saratani. Hatari hukua mtu akiambukizwa tena na tena bila matibabu, na ukiongeza sigara unajitafutia. Tembe za praziquantel huua minyoo iliyokomaa, ila hazikukingi ukirudi dimbwini wiki ijayo. Na ukiwa mtu mzima ukaona damu kwenye mkojo, hata kama huhisi maumivu, usimeze tembe na kunyamaza. Daktari akuangalie kibofu.

Kupimwa ni mkojo tu. Na kwa nyinyi msiopenda kudamka: mayai hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa hivyo lala kidogo, kunywa chai, kisha uende kliniki.