Tansio iko sawa, lakini damu inaisha

Mama amezaa, wanamupima tansio, mashini inaandika 12 juu ya 8. Familia inapumua: "Iko sawa!" Muwe macho. Ile namba peke yake inaweza kuficha hatari.

Mutu muzima ana karibu litri 5 za damu. Ndani ya mushipa mukubwa unaotoka kwenye moyo, na ndani ya ile miwili ya shingo, kuko neva ndogo zinazosikia namna damu inasukuma ukuta wa mushipa. Damu ikipunguka, ukuta unalegea, na zile neva zinapasha ubongo habari palepale. Ubongo unaamuru moyo upige mbio, na mishipa ya mikono na miguu ijikaze, juu damu iliyobaki ifike kwenye moyo na ubongo. Figo nazo zinashika chumvi na maji: mukojo unapunguka, kiu inakuja.

Ndiyo maana mama anaweza kupoteza hata litri 1 ya damu, na tansio ikabaki karibu vile ilikuwa. Kiisha mwili unachoka, tansio inaanguka mara moja, na wakati wa kumuokoa unakuwa mufupi sana.

Basi musingojee namba ishuke. Kama moyo unapiga zaidi ya mara 100 kwa dakika, mikono ni baridi, jasho linatoka, kizunguzungu kinamushika, ao nguo zinalowa damu bila kukoma, muite muganga palepale. Mwili wake umekwisha kusema.