Pumzi ya Shotigani

Ukipiga pampu ya baiskeli ambayo washa yake ya ngozi imekauka, mkono unakwenda na kurudi, upepo unatokea pembeni, tairi halijai. Fundi hahangaiki na tairi. Anafungua pampu, anailainisha ngozi au anaibadili, basi. Shotigani inayojipakia yenyewe kwa nguvu ya gesi ni pampu ya namna hiyo, ila upepo wake ni moto. Ajabu ni kwamba siku inapogoma, mwenye nayo hulaumu springi, hulaumu kiwanda, hulaumu risasi, na washa huifikiria mwisho.

Je, wajua wazo moja mashuhuri la kuitumia gesi lilitoka wapi? Familia ya John Moses Browning, fundi bunduki wa Ogden, jimbo la Utah, Marekani, ilisimulia kwamba mwaka 1889 alikuwa kwenye mashindano ya kulenga shabaha. Kila rafiki yake alipofyatua, majani yaliyokuwa mbele ya mtutu yalilala kama yamepigwa na dhoruba. Wengine waliitazama shabaha, yeye akayatazama majani. Aliona nguvu inayotupwa bure. Muda si muda alikuwa ametengeneza bunduki iliyojifungua na kujifunga kwa pumzi yake yenyewe, na kutokana na wazo hilo ikazaliwa bunduki ya rashasha ya Colt ya mwaka 1895.

Lakini alipoigeukia shotigani, Browning huyo huyo aliiacha gesi. Auto-5 yake, iliyotoka katika kiwanda cha FN nchini Ubelgiji kuanzia miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini, ilijipakia kwa nguvu ya teke: mtutu mzima ulirudi nyuma pamoja na bolti. Mwenye bunduki alipaswa kuzipanga pete za msuguano kwa namna moja kwa risasi nyepesi na kwa namna nyingine kwa risasi nzito. Akikosea, ama bunduki inagoma ama bega linalia. Kwa hiyo shida ya pete ni ya kale kuliko shotigani ya gesi yenyewe.

Gesi ilisubiri hadi miaka ya 1950. Mwaka 1963 kampuni ya Remington ikatoa Model 1100, na ziliuzwa zaidi ya milioni nne. Nimeichagua hiyo kwa sababu ukiielewa, umezielewa nyingi za jamaa zake.

Shotigani hairushi risasi moja bali marisau, yaani punje nyingi za risasi zilizofungwa ndani ya ganda. Ukifyatua bunduki ya kipimo cha 12 (maana yake gololi 12 za risasi zenye upana wa mtutu huo zina uzito wa ratili moja), baruti huwaka na presha hupanda. Huko Marekani kikomo kilichowekwa kwa risasi za kawaida za kipimo hicho ni pauni 11,500 kwa kila inchi ya mraba. Tairi la gari dogo lina 30 hivi.

Marisau yakishapita matundu madogo yaliyotobolewa upande wa chini wa mtutu, sehemu ya gesi huchepuka na kuingia katika silinda fupi iliyoungwa chini yake. Kufikia hapo presha imeshashuka sana, ndiyo maana chuma hakipasuki. Ndani ya silinda imo pistoni yenye umbo la pete, imevalishwa kwenye bomba la magazini, lile la kuhifadhia risasi, kama bangili mkononi. Gesi huisukuma nyuma, nayo husukuma vyuma vinavyofungua bolti. Bolti hulivuta ganda tupu na kulitupa upande wa kulia, kisha hukandamiza springi ndefu iliyojificha ndani ya kitako. Springi ikijibu, bolti hurudi mbele na risasi mpya. Yote hayo hufanyika kabla hujawaza kuvuta pumzi yako mwenyewe.

Sasa tazama penye udhaifu. Kati ya bomba la magazini na silinda kuna nafasi, na gesi haina adabu: penye upenyo itapita. Upenyo huo huzibwa na oringi, pete ya mpira isiyozidi unene wa utambi wa kandili, inayokaa mbele ya pistoni. Bunduki yote ni chuma na mbao, lakini uhai wake umetegemezwa kwenye kipande cha mpira.

Usiudharau mpira huo. Niels Christensen, Mdenmaki aliyehamia Marekani, alipata hataza ya oringi mwaka 1939, na tangu hapo imeingia katika bomba la maji, jeki ya gari na ndege. Tarehe 28 Januari 1986, chombo cha anga cha Challenger kiliangamia na watu wake saba baada ya oringi za roketi yake kushindwa kuziba sawasawa katika baridi ya asubuhi ile. Kwenye shotigani hasara ni ndogo zaidi: bunduki inageuka kuwa ya kupakia kwa mkono.

Dalili zake zinafahamika kwa yeyote aliyekaa kwenye uwanja wa shabaha. Ganda linanaswa mlangoni limesimama wima kama bomba la moshi. Au linatoka vizuri, lakini bolti haikurudi nyuma vya kutosha, hivyo risasi mpya haipandi. Mafundi wa gari wangesema injini imekosa kompresheni. Uchunguzi wenyewe hauanzi na bisibisi. Unaanza na kuiondoa kila risasi, mtutu ukiwa umeelekezwa pasipo na mtu, kisha kuichungulia chemba na kuipapasa kwa kidole. Macho hudanganywa na giza la chemba, kidole hakidanganywi.

Halafu iulize risasi kabla ya kuiuliza bunduki. Mitutu ya 1100 iliyotengenezwa kwa risasi ndefu na nzito kwa kawaida ina tundu moja la gesi, na ile ya risasi za kawaida ina mawili. Mtu akitia risasi nyepesi ya mashindano, yenye gramu 24 za marisau, kwenye mtutu wa tundu moja, gesi haitoshi. Hapo hakuna kilichoharibika. Ni sawa na kumlisha punda uji wa mtoto na kumtaka abebe gunia.

Risasi ikiwa sahihi, fungua kofia ya bomba, toa mtutu, itazame oringi. Ivute kidogo. Ikiwa na ufa, imekauka au imepoteza umbo, umempata mwizi. Mara nyingi hukatika mtu anapoirudisha kwa haraka, akiikwaruza kwenye ukingo wa chuma. Ibadili, na uweke nyingine mbili za akiba kwenye begi. Wakati bunduki imefunguliwa, angalia pia mpangilio: pistoni, pete yake ya chuma inayoziba, kisha oringi mbele kabisa. Kuna watu wamemlipa fundi kwa sababu tu walirudisha pete kinyume.

Oringi ikiwa nzima, yafuate matundu. Masizi ya baruti na vumbi la plastiki lililochubuka kwenye makasha ya marisau hujenga ukoko mweusi, kama ule wa wali chini ya sufuria, na tundu huzidi kuwa jembamba. Waya laini wenye nyuzi za pamba, ule wa kusafishia kiko, unatosha pamoja na dawa ya kuyeyusha masizi. Usichukue keekee. Wapo wanaoyapanua matundu ili bunduki ile kila risasi, na kwa miezi michache hujisifu. Baadaye bolti inagonga nyuma kwa nguvu isiyopimwa, vyuma vinapata nyufa, mbao ya mbele inapasuka. Tundu ukishalipanua, huwezi kulirudisha. Kazi yoyote inayogusa chuma chenyewe ni ya fundi bunduki mwenye leseni.

Jambo ambalo mimi huliona kubwa kuliko yote ni mafuta. Mtu mwenye upendo na bunduki yake huikausha mvua, huiinamia, huimwagia mafuta hadi yanachuruzika. Mafuta hayo kwenye pistoni hukutana na gesi ya moto, huungua, hushikana na masizi, na kuwa lami. Bunduki ya gesi hupenda tabaka jembamba, lile linalobaki baada ya kufuta kwa kitambaa. Wengi wa wanaolalamika kwamba shotigani za gesi ni chafu wamezichafua wenyewe kwa chupa ya mafuta.

Baada ya hapo yabaki machache: chemba yenye kutu inayoling'ang'ania ganda, na springi ya kitako iliyoshika maji ya mvua na kuoza polepole pasipoonekana. Hii ya mwisho husahauliwa miaka na miaka, maana hadi ukitoe kitako huioni.

Watengenezaji nao hawakulala. Mwaka 1987 Remington ilitoa 11-87 yenye njia ya kupunguza gesi inapozidi, na Beretta ya Italia ikaweka valvu inayojifungua kwa risasi nzito. Benelli, pia ya Italia, ilijenga sifa yake kwa njia isiyotumia gesi, hivyo masizi mengi hutokea mdomoni mwa mtutu. Ni safi zaidi, sikatai. Ila bega langu lingechagua gesi. Watu husema gesi hupunguza teke, na hilo si kweli kamili: msukumo wote ni ule ule kwa bunduki zenye uzito sawa, lakini gesi huugawa katika muda mrefu zaidi. Pigo hugeuka kuwa kusukumwa.

Na usidhani haya ni mambo ya wawindaji wa bata wa Marekani tu. AK-47, iliyochorwa kwenye bendera ya Msumbiji, nayo hupumua kwa gesi inayochepushwa kutoka kwenye mtutu, ingawa pistoni yake haina mpira wowote.

Kiwanda cha Ilion, New York, mji ambao familia ya Remington ilianza kufanyia kazi mwaka 1828, kilifungwa Machi 2024. Oringi za 1100 bado zinauzwa.