Breki za Nyuma za Diski: Namna ya Kuzibadilisha Nyumbani kwa Usalama

Magari mengi yaliyotumika Japani na kuletwa Tanzania na Kenya, yakiwamo Toyota Mark X, Toyota Harrier za miaka ya 2000 na Subaru Forester nyingi, yana breki za diski hadi kwenye magurudumu ya nyuma. Diski ni sahani ya chuma cha kusubu inayozunguka pamoja na gurudumu, na pedi ni vipande viwili vya bati nene vilivyobandikwa mada ngumu ya msuguano, ambavyo huibana sahani hiyo pande zote mbili dereva anapokanyaga breki. Kinachozisukuma pedi ni kalipa, yaani kifaa cha chuma kilichoikumbatia diski kikiwa na pistoni ndani yake, nayo pistoni husukumwa na oili ya breki. Kubadilisha diski na pedi ni kazi ambayo mmiliki makini anaweza kuifanya uani kwake, mradi aelewe kwamba ubora wake hautokani na nguvu za mikono bali na hatua ndogo ambazo ni rahisi kurukwa.

Gari linapofunga breki uzito wake huelemea mbele, na kwa sababu hiyo breki za nyuma hufanya sehemu ndogo ya kazi na kwa kawaida huisha polepole. Upole huo una hasara yake, kwani diski isiyosuguliwa vya kutosha hushika kutu, hasa katika miji ya pwani yenye hewa ya chumvi, hata ikabidi ibadilishwe kabla haijaisha. Pedi mpya huwa na mada ya msuguano ya unene wa milimita 10 hivi, na inapobaki milimita 3 ni busara kutafuta nyingine. Kwa upande wa diski, unene wa chini unaoruhusiwa huandikwa na kiwanda kwenye diski yenyewe, na iliyopungua chini ya kiwango hicho, iliyopasuka au iliyochimbika mifereji haifai kurudishwa. Diski na pedi hubadilishwa kwa jozi, kushoto na kulia, ili gari lisivutwe upande mmoja. Mnunuzi wa spea, awe Gerezani jijini Dar es Salaam au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ataje namba ya chesisi, kwa maana magari ya jina moja na mwaka mmoja yanaweza kuwa na diski za vipimo tofauti.

Jambo la kwanza la usalama linatokana na umbo la diski yenyewe. Katika magari yaliyotajwa, kitovu cha diski ya nyuma ni ngoma ndogo, na ndani yake mna viatu vya breki vinavyotanuka hendibreki inapovutwa. Hii ina maana kwamba diski haitoki mpaka hendibreki iachiliwe, na gari lililoachiliwa hendibreki huku nyuma limeinuliwa hushikiliwa na kabari za magurudumu ya mbele peke yake. Ni lazima, basi, gari liegeshwe mahali tambarare na pagumu, magurudumu ya mbele yazuiwe kwa kabari imara mbele na nyuma, nati zilegezwe kabla ya kuinua, kisha uzito wote uwekwe juu ya stendi za chuma. Jeki ni ya kuinulia tu, na hakuna anayepaswa kuingiza hata mkono chini ya gari linaloegemea jeki peke yake.

Baada ya gurudumu kutolewa, kalipa hufunguliwa bolti zake na kuning'inizwa kwa waya kwenye springi, kwa sababu ikiachwa ining'inie kwa mpira wake wa oili mpira huo unaweza kuchanika kwa ndani pasipo dalili ya nje. Pedi za zamani zinastahili kutazamwa kabla ya kutupwa, kwani pedi ya ndani iliyoisha kuliko ya nje huashiria mara nyingi kwamba pini ambazo kalipa huteleza juu yake zimeganda. Bila kuzisafisha pini hizo na kuzipaka grisi maalumu ya breki, pedi mpya zitaisha vilevile. Kishikio cha kalipa kikishafunguliwa, diski iliyogandishwa na kutu hutolewa kwa bolti mbili za milimita 8, zinazokazwa kwa zamu katika matundu yenye nyuzi yaliyochongwa kwenye kitovu chake, nayo husukumwa nje bila kupigwa nyundo.

Hatua inayorukwa kuliko zote ni usafi wa habu, yaani uso wa chuma ambao diski hukalia. Chembe ya kutu iliyobaki hapo huipindisha diski, na mpindo wa sehemu ya kumi ya milimita hutosha kuleta mtetemo ambao wengi huulaumu ubovu wa diski mpya. Habu husuguliwa kwa brashi ya waya mpaka ing'ae, na diski mpya huoshwa kwa dawa ya kusafishia breki ili kuondoa mafuta ya kuzuia kutu. Vumbi la breki halipulizwi kwa upepo wala kwa mdomo, kwa kuwa baadhi ya pedi zimewahi kutengenezwa kwa asbesto, mada inayosababisha saratani.

Pistoni hurudishwa ndani taratibu kwa klampu, huku oili ikiangaliwa isifurike kwenye chombo chake, maana huharibu rangi ya gari. Viatu vya hendibreki navyo hurekebishwa kwa kigurudumu chenye meno kinachofikiwa kupitia tundu la diski, kwa kufuata kitabu cha gari. Ni vyema kumaliza upande mmoja kabla ya kufungua mwingine, ili upande ambao haujaguswa uwe kielelezo. Bolti na nati hukazwa kwa spana yenye kipimo cha nguvu, kwa viwango vya kitabu hichohicho.

Kabla ya gari kusogea hata hatua moja, pedali ya breki inapaswa kukanyagwa mara kadhaa mpaka iwe ngumu, kwani pistoni zilizorudishwa ndani hazigusi pedi, na dereva asiyefanya hivyo atakuta hana breki kabisa. Baadaye, katika barabara isiyo na magari, mwendo hupunguzwa mara kumi hivi kutoka kilomita 50 hadi 15 kwa saa, pasipo kusimama, ili pedi na diski zizoeane.

Magari yenye hendibreki ya umeme, na yale ambayo pistoni ya nyuma hurudishwa kwa kuzungushwa, yanahitaji vifaa vya ziada, na asiye navyo asiyaguse. Vilevile, anayeona oili ikivuja au pedali ikizama asiendeshe gari hilo, bali amwite fundi alipo. Gharama ya fundi siku hiyo ni ndogo kuliko gharama ya breki iliyokataa kushika.