Alitaka kutengeneza daladala, nikasahau kufungua dirisha

Saa mbili usiku tulikuwa kwenye benchi la kituo cha afya, mimi na mwanangu wa miaka 12. Yeye alikuwa amevalishwa kinyago cha mvuke wa dawa. Mimi nilikuwa bado na rezini iliyoganda kwenye vidole.

Daktari hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Mama, dirisha lilikuwa wazi?"

Halikuwa wazi. Mvua ilikuwa inanyesha, nikalifunga kwa mkono wangu mwenyewe.

Nayaandika haya kwa sababu watoto wengi sasa wanaona kwenye simu video za watu wanaotengeneza magari madogo na kumimina rezini, nao wanataka kujaribu. Ni kazi nzuri. Imemfundisha mwanangu mambo ambayo sikuweza kumfundisha kwa kumkalisha na daftari. Lakini kuna mambo ambayo video haisemi, na mimi nimeyajua kwa gharama.

Kutoka waya hadi plastiki

Sisi tuliokua zamani tunayajua magari ya waya. Kaka zangu walikata matairi kwenye ndala zilizochakaa, wakakunja waya kuwa bodi, wakafunga fimbo ndefu ya usukani na kukimbia nalo mtaa mzima mpaka giza linaingia.

Mwanangu hakuupata utoto huo. Ana pumu tangu akiwa na miaka minne. Vumbi la uwanjani likimpata, usiku hatulali. Likizo ndefu kwake ni kukaa dirishani akitazama wenzake wanacheza.

Desemba iliyopita mjomba wake alikuja na boksi. Ndani mlikuwa na vipande vya plastiki vilivyoshikana kwenye fremu zake kama nyama kwenye mshikaki, na karatasi ya michoro. Lilikuwa gari la Datsun 240Z, aina ambayo Edgar Herrmann aliiendesha akashinda Safari Rally mwaka 1971, na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda nayo tena mwaka 1973. Babu yake alipoliona boksi hilo, alikaa chini akaanza kusimulia. Mashindano yale yalianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi njia yake ilipita Kenya, Uganda na huku kwetu.

Walichukua siku tisa kulimaliza, mjukuu akibandika, babu akisoma michoro kwa miwani.

Hesabu iliyojificha kwenye boksi

Juu ya boksi palikuwa na namba 1/24. Mwanangu, ambaye hesabu si rafiki yake, aliuliza maana yake. Ni skeli, kama ile ya ramani: kila sentimita moja ya gari dogo inasimama badala ya sentimita 24 za gari la kweli. Ziko skeli nyingine pia, kama 1/43 na 1/64, na kadiri namba ya chini inavyokuwa kubwa ndivyo gari linavyokuwa dogo.

Siku ya pili yake akaja na swali gumu zaidi: "Mama, mbona hawajaniletea Hiace?"

Alitaka daladala. Alitaka ile anayopanda kwenda shule, yenye mstari wa rangi ubavuni na kibao cha njia kwenye kioo cha mbele. Sikujua pa kuipata seti ya namna hiyo, naye akasema ataitengeneza mwenyewe.

Jirani yetu ana Hiace. Akamruhusu aipime kwa futi ya fundi cherehani. Urefu, karibu mita 4.7. Upana, karibu mita 1.7. Kipenyo cha tairi, sentimita 65 hivi. Akaja mezani, akagawanya kila kipimo kwa 24. Gari lake lingekuwa na urefu wa sentimita 19.6, upana wa sentimita 7.1, na tairi la sentimita 2.7. Alirudia hesabu hizo mara tatu bila kuambiwa na mtu. Mzazi mwenzangu, nilikaa jikoni nikajifanya sioni.

Bodi aliitengeneza kwa kadibodi ngumu na plastiki nyembamba. Tatizo likawa matairi. La kwanza lilimchukua siku mbili: kipande cha bomba la maji kwa nje, kifungo cha shati katikati, na vichwa vya pini badala ya nati. Lilikuwa zuri. Alipojaribu la pili likatoka jingine kabisa. Gari linahitaji manne yanayofanana.

Hapo ndipo alipoonyesha video kwenye simu yangu. Unatengeneza kimoja kizuri, unakimwagia silikoni, ikiganda unakitoa, na pale kilipokuwa panabaki kalibu. Kila unapoijaza rezini unapata pacha wa kile cha kwanza.

Chupa ya soda

Nilikwenda kwa fundi wa fibaglasi anayeziba bodi za magari na mashua. Alinipimia rezini kidogo kwenye chupa tupu ya soda, na dawa ya kugandishia kwenye kichupa kingine. Hakuna karatasi, hakuna jina. Aliniambia tu, "Changanya kidogo kidogo, mama." Sikuuliza zaidi, kwa kuwa niliona haya kuonekana sijui.

Jioni ile tukachanganya sebuleni. Harufu ilikuwa kali kuliko nilivyotarajia. Baada ya muda mfupi macho yakaanza kuniwasha. Mwanangu alikohoa mara moja, akasema hana shida, kwa sababu hakutaka nisitishe. Alipokohoa mara ya nne nilisikia ule mluzi kifuani ninaoujua. Dawa yake ya kuvuta haikutosha.

Tuliporudi usiku ule, nikawasha taa ya sebuleni. Chupa ya soda ilikuwa palepale mezani, nusu imejaa, na mdogo wake wa miaka mitatu alikuwa amebaki nyumbani na shangazi yake. Hakuigusa. Ni bahati tu, wala si akili yangu.

Jua kilichomo kwenye chupa

Baada ya pale nilirudi kwa yule fundi, safari hii nikauliza. Nikamuuliza pia daktari. Haya ndiyo ambayo mzazi anapaswa kuyajua kabla ya kutoa pesa.

Rezini si kitu kimoja. Ile ya fibaglasi, ambayo ni rahisi kuipata kwetu, inaitwa poliesta. Ndani yake kuna kemikali inayoitwa staireni, na ndiyo yenye harufu ile. Mvuke wake unawasha macho, pua na koo. Dawa yake ya kugandishia ni kali zaidi: tone likiingia jichoni linaweza kumharibia mtoto macho. Likitokea hilo, osha kwa maji mengi yanayotiririka papo hapo, kwa dakika 15 au zaidi, kisha hospitali.

Ya pili ni epoksi, ile inayong'aa ambayo watu huifanyia meza na hereni. Harufu yake ni ndogo, na hapo ndipo wengi tunapodanganyika. Ikigusa ngozi mara kwa mara mwili unaweza kuikataa, mtu akaanza kuvimba na kuwashwa. Mwili ukishaikataa, hali hiyo kwa kawaida haiondoki maisha yote.

Ya tatu ni poliyurethani, inayopendwa na wanaotengeneza vigari kwa sababu huganda kwa dakika chache. Upande mmoja wa mchanganyiko wake una aisosaineti, kemikali inayojulikana kusababisha pumu hata kwa mtu ambaye hakuwa nayo. Mwenye pumu hapaswi kuikaribia. Pia haipendi unyevu: ikipata hewa ya pwani yetu hutoa povu, na tairi likatoka na matundu kama andazi.

Zote tatu hutoa joto zinapoganda. Ukichanganya nyingi kwenye kikombe kimoja, kikombe kinaweza kupata moto mpaka kikatoa moshi.

Masharti ya nyumbani kwetu sasa

Mtoto hachanganyi rezini. Anatengeneza kielelezo, anapima, anapaka rangi. Kumimina ni kazi ya mtu mzima.

Kazi inafanyika nje, mahali penye upepo. Mvua ikinyesha, tunaahirisha. Barakoa ya kitambaa au ile ya hospitali haizuii mvuke wa kemikali, kwa hiyo isikupe moyo wa kufunga dirisha.

Glavu ziwe za naitrili, na miwani ya kukinga macho ivaliwe. Rezini ikigusa ngozi, ifute kwa karatasi kisha osha kwa sabuni na maji. Usitumie thina, kwani huipeleka ndani zaidi ya ngozi.

Hakuna kemikali inayoingia nyumbani kwenye chupa ya soda, ya maji au ya juisi. Inunuliwe kwenye kopo lake lenye maandishi. Kama muuzaji hajui kilichomo, hatununui.

Mabaki hayamwagwi kwenye sinki. Yanaachwa nje yagande, mbali na watoto, ndipo yatupwe.

Kusugua kwa msasa ni kwa maji. Msasa mkavu hutoa vumbi jembamba linaloingia kifuani.

Na gundi zile zinazoshika papo hapo: zikinasa vidole usivivute. Viloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, vitaachia polepole.

Matairi yalipatikana

Wiki nzima baada ya kituo cha afya mwanangu hakuligusa gari lake. Aliliweka juu ya kabati, bila matairi, kama yale mabovu ya gereji. Mimi nilikuwa nimeshaamua kwamba yameisha. Baba yake naye alisema tumnunulie tu gari la dukani.

Siku ya nane akaniuliza: "Mama, lazima iwe rezini?"

Swali hilo sikuwa nimejiuliza. Haikuwa lazima. Tulinunua plasta, ule unga mweupe wa mafundi wa dari. Kalibu tuliitengeneza kwa udongo laini wa kuchezea: tairi lake la mfano likapakwa mafuta ya mgando, likakandamizwa, likachomolewa polepole. Mimi nilichanganya nje, kwa kuwa unga nao ni vumbi. Unaanza na maji, kisha unanyunyiza unga juu yake, takriban vikombe viwili vya unga kwa kimoja cha maji, mpaka uwe kama uji mzito. Unamimina, unagongagonga meza ili mapovu yapande juu, unasubiri karibu nusu saa.

Nayo plasta ina tahadhari zake. Hupata joto inapoganda, hivyo mtoto asitumbukize mkono ndani yake hata kwa mchezo. Na ikimwagwa kwenye sinki itagandia ndani ya bomba.

La kwanza lilivunjika. La pili nati zake zilifutika, kwa kuwa udongo ule ni laini na hupoteza umbo. Akajifunza kutengeneza kalibu mpya kwa kila tairi na kutochomoa kwa pupa. Jumla alimimina 11 ili kupata manne. Aliyaacha yakauke siku mbili, akayapaka gundi nyeupe iliyolainishwa kwa maji ili yasimeguke, kisha rangi nyeusi kwa brashi.

Hayafanani na yale ya kwenye video. Ukitazama kwa karibu utaona moja limepinda kidogo. Lakini gari limesimama, na jirani alipoitwa kulitazama alicheka sana, akaonyesha mkwaruzo uliopo kwenye mlango wa Hiace yake, ambao mwanangu alikuwa ameuweka palepale.

Kwa mzazi mwenzangu

Daktari alinieleza jambo nililolishika. Alisema mtoto mwenye pumu si wa kufungiwa, ila mzazi ndiye anayepaswa kutangulia kujua kilichomo kwenye hewa atakayoivuta. Hilo nadhani linamhusu kila mtoto, mwenye pumu na asiye nayo.

Mwanao akikuletea video ya rezini, usimkatalie hapohapo, na usikimbilie dukani kama nilivyofanya mimi. Muulize anataka kutengeneza nini. Mara nyingi anachokitaka ni kile kitu chenyewe, na njia ya kukipata iko zaidi ya moja. Kadibodi, waya, plasta na muda wako vinafika mbali.

Akikua, na kama bado anaipenda kazi hii, atajifunza rezini kwa mtu anayeijua, nje, akiwa na vifaa vinavyostahili. Tumekubaliana hivyo, na ameandika kwenye daftari lake tarehe ya siku atakayotimiza miaka 18.

Kwa sasa anapima lori la mchanga la mtaa wa pili. Lina matairi kumi.